Ordinatere ya zamani isitupwe
Tangu 14 Oktoba 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10 umeisha, na wengi wetu hapa Kolwezi tunalazimisha Windows 11 mu ordinatere za zamani. Inakwama katikati, kisha tunaambiwa: «Muuze ingine.» Tunakataa. Windows 11 inadai chipu ya usalama, TPM 2.0, mashine yenye kuikosa haijakufa. Muiwashe na kle USB yenye Linux, mutoe kwanza picha na kazi za masomo za watoto, kisha muitie Linux yenyewe: ni ya bure. Falanga ya mashine mupya ni minervali ya mtoto. Na kobalti, zaidi ya nusu ya ile ya dunia inatoka Kongo. Sisi wenye kuichimba, tutupe betri nzima juu ya programu?