UCHAMBUZI: Kwa nini wasaidizi wetu hukimbilia kampuni kubwa, na kwa nini wengine hurudi

Mfanyabiashara yeyote wa Busia, Mutukula au Gatuna amewahi kuamka alfajiri akakuta msaidizi wake hayupo. Kijana aliyefundishwa kupanga mzigo, kuhesabu fedha za nchi mbili na kuzungumza na maofisa wa forodha ameajiriwa kiwandani, kwenye ghala au katika kampuni ya simu. Tajiri wake hubaki na wateja na madeni, akilalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana shukrani.

Lawama hiyo haitusaidii. Tuwaulize wenyewe wanafuata nini huko, na nini huwafanya wengine warudi sokoni baada ya mwaka mmoja.

Jambo la kwanza wanalolitaja si ukubwa wa mshahara. Wengi hupokea kiasi kisichozidi sana walichokuwa wakipata kwetu. Wanachokipenda ni uhakika. Mshahara unaingia tarehe inayojulikana, mvua inyeshe au forodha ifungwe. Kwa hati ya mshahara, benki humsikiliza. Mtoto akiugua, ipo bima.

Sisi wa mpakani tunaujua uzito wa uhakika huo. Machi 2020, Uganda ilipofunga mipaka kwa sababu ya korona, malori ya mizigo yaliendelea kupita. Mama mwenye kapu la nyanya hakupita. Gatuna nako, mpaka uliofungwa Februari 2019 haukufunguliwa tena hadi mwishoni mwa Januari 2022. Katika miaka hiyo mitatu mitaji mingi iliteketea. Kijana aliyeyaona hayo akichagua kazi ya kuajiriwa, hatuwezi kumwita mvivu.

La pili ni haki zilizoandikwa. Sheria ya Tanzania inatoa siku 28 za likizo ya mwaka, ya Kenya siku zisizopungua 21 za kazi. Mama aliyejifungua anapata siku 84 Tanzania, miezi mitatu Kenya, na siku 60 za kazi Uganda. Haki hizi haziwahusu wafanyakazi wa kampuni kubwa peke yao, lakini huko kuna ofisi ya kuzishughulikia na mara nyingine chama cha wafanyakazi. Kwetu sokoni, likizo ni hisani ya tajiri.

Sasa upande wa pili. Malalamiko makubwa ni ya mkataba. Kijana huvaa sare ya kampuni maarufu, kumbe aliyemwajiri ni wakala. Mkataba ni wa miezi mitatu au sita, ukiisha unaandikwa upya au unakatwa bila maelezo. Kazi ni ileile anayofanya mwenzake wa kudumu, ila bima na mafao si yale yale. Wengine huchoshwa na malengo ya mauzo yanayopandishwa kila mwezi, au na uamuzi unaotolewa makao makuu, mbali, na watu wasiowahi kufika tawi lao. Hapa mpakani, msaidizi akikosana na tajiri wake wanakaa kitako wakayamaliza. Kule, anaweza kukosa hata mtu wa kumlalamikia.

Na mshahara wenyewe hauna ulinzi sawa kila nchi. Uganda bado ina kima cha chini cha shilingi 6,000 kwa mwezi kilichowekwa 1984, kiasi ambacho leo hakilishi familia hata siku moja. Bunge lilipitisha muswada wa kukibadilisha mwaka 2019, Rais akakataa kuutia saini. Tanzania na Kenya hutoa amri za mishahara, na viwango hutofautiana kwa sekta au aina ya kazi.

Hapo ndipo suala la Jumuiya linapoingia. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inampa Mwafrika Mashariki haki ya kutafuta kazi nchi jirani. Kenya na Rwanda zimefuta ada ya kibali cha kazi kwa raia wa nchi wanachama. Lakini aliyechangia mfuko wa hifadhi Kampala kwa miaka sita, kisha akahamia Nairobi, anaanza upya: miaka yake haiunganishwi. Gunia la maharage lina cheti cha asili kilichorahisishwa kwa mzigo usiozidi dola 2,000. Akiba ya mfanyakazi haina cheti cha namna hiyo. Wizara zetu zinapokutana Arusha, jambo hili lastahili nafasi sawa na ushuru.

Wakati tukingoja, mfanyabiashara mdogo anaweza kufanya nini? Hatuwezi kushindana na kampuni kwa bima na majengo. Tunaweza kushindana kwa uhakika. Panga tarehe ya kumlipa msaidizi na usiivunje kwa kisingizio kwamba mzigo haujauzika. Andikeni makubaliano yenu kwenye ukurasa mmoja: kazi, malipo, siku ya mapumziko, na nani anabeba hasara bidhaa zikikamatwa. Hilo la mwisho ndilo huvunja urafiki mwingi.

Kuhusu akiba, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2022, kila mwajiri Uganda anatakiwa kuchangia NSSF asilimia 10 ya mshahara na mfanyakazi asilimia 5, hata akiwa na msaidizi mmoja. Awali sharti lilikuwa wafanyakazi watano. Wenye maduka Malaba na Katuna walijue hili kabla ya mkaguzi kuwafikia. Kwa wasioajiriwa, Rwanda ina Ejo Heza, na Kenya ina Haba Haba, ambapo mtu huweka akiba ya kuanzia shilingi 25 kwa siku. Na wewe tajiri ujiandikishe, maana uzeeni hakuna kampuni itakayokulipa pensheni.

Msaidizi anayejua atalipwa lini, na kiasi gani, hufikiri mara mbili kabla ya kufuata sare. Na akienda akarudi, mpokee. Atakuwa amejifunza kutunza hesabu na kumbukumbu, na biashara nyingi hapa mpakani zinahitaji mtu wa namna hiyo.