Upanga Huulizwa Nasaba

Mgeni katika biashara ya vitu vya thamani aghalabu huuziwa jina badala ya kitu. Vijana wetu wa shule na vyuo hapa Eldoret, waliokulia mbele ya filamu za Kijapani, huulizana ni wapi mtu awezaye kupata katana halisi bila kufilisika. Walimu wengi hulikunjia uso swali hilo. Mimi naliona jema, ila muulizaji hutaka kujua bei kabla hajakijua kitu chenyewe.

Katana ya kweli hufuliwa kwa pua iitwayo tamahagane, itokanayo na mchanga wa chuma ulioyeyushwa kwa makaa. Kabla ya kuutumbukiza upanga majini, mhunzi huupaka udongo, mzito mgongoni na mwembamba makalini, ili makali yawe magumu na mgongo usivunjike upesi. Hapo ndipo hutokea ule mstari wa mawimbi kando ya makali. Katika bidhaa za rahisi mstari huo huchorwa kwa tindikali au kwa brashi ya waya, na mnunuzi asiyejua husifu mchoro. Jina la mhunzi, likiwapo, limechongwa kwenye msuka, yaani chuma kiingiacho mpinini, mahali ambapo mtazamaji wa kawaida hapaoni.

Huko Japani sheria ya mwaka 1958 yataka kila upanga wa namna hiyo usajiliwe, na usafirishwapo ng'ambo huhitaji kibali cha serikali. Mhunzi hutumikia uanagenzi usiopungua miaka mitano, wala haruhusiwi kufua zaidi ya panga ndefu mbili kwa mwezi. Si ajabu basi kwamba upanga mpya huuzwa kwa maelfu ya dola. Anayekuuzia “katana” ya chuma kisichoshika kutu kwa bei ya jozi ya viatu amekuuzia pambo la ukutani. Si dhambi, mradi aseme hivyo, nawe usilizungushe hewani, maana msuka wake aghalabu ni mwembamba na ubapa waweza kuchomoka.

Linaloniudhi ni jingine. Kijana huyo huyo atadai hati ya upanga wa Japani, lakini sime ya kwetu huinunua sokoni kama anunuavyo sukari. Uasin Gishu ni jina la Wamasai waliotutangulia hapa, na A. C. Hollis, aliyeandika kuhusu Wanandi mwaka 1909, alieleza kwamba wahunzi wao walitokana na Wamasai hao. Nasaba hiyo ya ufundi imepita chini ya miguu yetu, nasi twaisahau. Sime nyingi za leo hufuliwa kwa springi za magari makuukuu, chuma ambacho si cha kudharauliwa hata kidogo, lakini ni nani awezaye kumtaja aliyeifua? Japani ilikataza watu kubeba panga mwaka 1876, wahunzi wakakosa kazi. Ufundi haukufa, na naamini sababu mojawapo ni kwamba majina yalikuwa yamekwisha kuchongwa.

Watakuwapo wa kusema kuwa kuzungumzia panga katika mji ulioyaona ya Januari 2008 ni kuchezea moto. Hofu hiyo ni ya haki. Kanuni ya Adhabu nayo humtia hatiani anayekutwa na silaha bila sababu ya maana, katika hali inayoashiria nia ya kuvuruga amani. Kwa hiyo upanga si wa kutembea nao barabarani, wala si wa kuweka bwenini. Hata hivyo, anayemjua mhunzi na jasho lake huutazama upanga kwa macho mengine kuliko yule aliyeuokota kama fimbo.

Anayeanza na aanze na sime. Aende kwenye mivukuto yenyewe, aulize chuma kilikuwa nini kabla, autazame msuka kabla haujafunikwa. Mwalimu anayetayarisha ngoma ya tamasha la muziki ana nafasi bora zaidi: aagize sime zisizotiwa makali, awachukue wanafunzi waone zikifuliwa, kisha kwenye ala ya kila moja afunge kadi yenye jina la mhunzi, kijiji chake na mwaka, na kabati lifungwe kwa kufuli.