Ukuta wa bafu uandaliwe kabla ya marumaru

Anayejenga leo huwaza jiko, geti na rangi ya bati. Bafu huachiwa fundi. Siku mzazi akianza kuteleza, au mtu akirudi kutoka hospitali na magongo, ndipo chuma cha kushikia kinapotafutwa. Fundi anatoboa marumaru, anakifunga kwenye tofali lenye uwazi ndani, na kikivutwa kwa nguvu kinang'oka pamoja na mtu wake.

Kinga yake ni rahisi, ila ina wakati wake: kabla ya lipu. Kando ya choo na mahali pa kuogea, uwazi wa matofali ujazwe zege, usawa wa sentimita 80 hadi 95 kutoka sakafuni; kwa choo cha kuchuchumaa, kuanzia chini zaidi. Ukuta wa jipsamu uwekewe ubao mnene ndani. Kisha upigwe picha, maana marumaru yakishabandikwa hakuna atakayekumbuka.

Marekani, sheria inadai kuta za namna hii katika majengo mengi ya makazi ya familia nne au zaidi yaliyoanza kukaliwa baada ya Machi 13, 1991. Hapa kwetu tusingoje kulazimishwa. Mwenye nyumba, mwambie fundi wako wiki hii, saruji ingali ipo.