Kesi ya deni isiachwe ilale
Kuna jambo linalowaumiza wadai wengi hapa Kenya: kesi ikikaa mwaka mzima bila hatua yoyote, korti inaweza kukutaka ueleze kwa nini isifutwe. Mama yangu alimshtaki mwenye duka aliyekopa kwake, na kila tarehe akaambiwa faili haionekani. Tukaenda masjala na nakala ya madai, tukaomba kwa maandishi tupangiwe tarehe, na nakala yetu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ni ushahidi kwamba mdai hajalala. Na kwa deni lisilozidi shilingi 1,000,000 ambalo halijafika kortini, nendeni Mahakama ya Madai Madogo kabla miaka 6 haijapita tangu lilipopaswa kulipwa. Wazee wetu wasidhulumiwe jasho lao kwa sababu ya faili tu.