Mpiga picha na amana ya nyuso za watu

SIFA zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na wote waliofuata nyayo zao.

Ndugu Waislamu, miongoni mwa kazi wanazozifanya vijana wetu leo ni upigaji picha wa kujitegemea. Kijana huyu hana mwajiri; mtaji wake ni kamera, jicho lake na nauli. Hukaa akapanga safari za mwaka mzima: atakwenda Lamu kwenye Maulidi, Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa ifikapo Julai, kisha vijiji vya wavuvi Pemba, awapige picha za uso wazee wa huko. Katika daftari lake huandika nauli, malazi, lenzi, betri na saa ambayo mwanga wa jua hutulia. Swali letu Ijumaa ya leo ni hili: je, katika daftari hilo ameandika namna atakavyomwomba ruhusa mwenye uso?

Kuomba ruhusa ni jambo kubwa katika dini yetu. Katika Suratun Nur, aya ya 27 na 28, Allah anawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe. Na wakiambiwa warudi, basi warudi. Imam Bukhari na Imam Muslim wamepokea kutoka kwa Sahl bin Saad (R.A.) habari ya mtu aliyechungulia nyumbani kwa Mtume (S.A.W.) kupitia tundu la mlango. Mtume alimkemea vikali, akabainisha kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa sababu ya jicho. Sasa tutafakari: ikiwa jicho la mwanadamu, ambalo huona kisha likasahau, limewekewa mpaka, itakuwaje jicho la kamera, ambalo huona, likahifadhi, kisha likawaonyesha maelfu ya watu wasiojulikana?

Tunafahamu kwamba wanazuoni wamehitilafiana kuhusu picha za kamera. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyepata kuwa Mufti wa Misri, aliandika risala ya kuzihalalisha, kwa hoja kwamba ni kukizuia kivuli cha kiumbe ambacho Allah amekwisha kukiumba. Wengine wakashikilia katazo, isipokuwa penye dharura. Hatukusudii kuufungua mjadala huo hapa. Tunalosema ni kwamba hata kwa anayefuata rai ya kuhalalisha, uhalali wa picha si kibali cha kuchukua uso wa kila mtu.

Tuchukue mfano unaojulikana duniani kote. Mwaka 1984, katika kambi ya wakimbizi ya Nasir Bagh karibu na Peshawar, Pakistan, mpiga picha Mmarekani Steve McCurry alimpiga picha binti wa Kiafghani. Juni 1985 picha hiyo ilitoka kwenye jalada la jarida la National Geographic, ikawa miongoni mwa picha mashuhuri kuliko zote. Lakini kwa miaka 17 dunia iliyojua rangi ya macho yake haikujua jina lake. Alipotafutwa na kupatikana mwaka 2002, ndipo ilipojulikana kwamba anaitwa Sharbat Gula, na kwamba hakuwa amewahi kuiona picha yake mwenyewe. Mwaka 2016 alikamatwa Pakistan kwa kosa la kitambulisho cha bandia, akarudishwa Afghanistan. Na mwaka 2021 akapokewa Italia. Alipohojiwa na BBC mwaka 2017 alisema picha ile ilimletea matatizo zaidi kuliko faida, japokuwa alifurahi kwamba mapato yake yaliwasaidia wajane na mayatima. Maneno hayo yana uadilifu ndani yake, nasi tuyapime kwa uadilifu: picha ilileta kheri, lakini mwenye uso alikuwa wa mwisho kujua.

Mwaka huohuo wa 1984, Mwislamu mwenzetu Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi ambaye kampuni yake ya Camerapix aliianzisha Dar es Salaam mwaka 1963, alikwenda Korem nchini Ethiopia na kamera yake. Picha zake za njaa ziliamsha dunia na kuchochea michango mikubwa ya kuwaokoa wenye njaa. Alifariki Novemba 1996 katika ndege iliyotekwa na kuanguka karibu na pwani ya Komoro. Hapo tunaona kwamba kamera inaweza kuwa ushahidi wa haki. Matendo huzingatiwa kwa nia.

Huenda kijana akasema: "Nikiomba ruhusa, uso hubadilika, na picha huharibika." Hoja hiyo ina uzito kwa mpiga picha wa habari, ambaye tukio halimsubiri. Lakini anayepanga picha za uso anao muda, kwani amepanga safari yake miezi kadhaa kabla. Na akae barazani, atoe salamu, anywe kahawa, arudi kesho yake. Uso uliomzoea mgeni hufunguka wenyewe.

Kwa hiyo tunamnasihi aongeze mambo manne katika daftari lake. Kwanza, amweleze mtu kwa lugha anayoielewa picha itakwenda wapi, na kama itauzwa. Pili, kwa mtoto, amwombe mzazi au mlezi. Tatu, akikataliwa aondoke kwa wema. Nne, atenge fedha za kusafisha picha na kumrudishia mwenyewe nakala. Mzee wa Pemba naye ana haki ya kujiona.

Sheria za nchi nazo zimeelekea huko. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Septemba 2023 shule moja nchini Kenya ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi wao.

Nanyi wazazi, msimvunje moyo kijana anayeichagua kazi hii. Mlinganieni adabu yake. Wala msiwazuie mabinti. Katika sherehe za akina mama, ambako wageni wengine huombwa waache simu mlangoni, mpiga picha wa kike mwaminifu ni sitara kwa familia nzima, na riziki yake ni ya halali.

Uso wa mtu ni amana, na kila mwenye amana ataulizwa. Tunamwomba Allah ayahifadhi macho yetu na atujaalie kuwa waaminifu katika kazi zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.