Kapu la Safari ya Mpira

Tarehe 2 Julai 2022 Coastal Union yetu ilicheza na Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho huko Arusha. Kutoka Tanga ni zaidi ya kilomita 400. Kwa shabiki, hiyo ni siku nzima barabarani.

Safari ya namna hiyo huanzia jikoni. Sisi wauguzi twasema: pilau iliyopikwa alfajiri na kuliwa alasiri yaweza kuwaharisha watu wa basi zima. Katika joto, wali uliokaa zaidi ya saa 2 huotesha vijidudu vyenye kutoa sumu, na hata tukiupasha moto, sumu hiyo haiondoki. Basi tufungashe vinavyostahimili safari: mkate, karanga za kukaanga, ndizi, na machungwa ya kumenya palepale. Maji yawe yamechemshwa, na sabuni isisahaulike.

Tukifika, tuwe wageni wenye adabu. Tusile bila kumkaribisha jirani, hata akiwa amevaa jezi ya wapinzani. Watoto wasisikie matusi vinywani mwetu. Maganda na mifuko tuvirudishe kapuni.

Siku ile mabao yalikuwa 3-3, na Coastal ikashindwa kwa penalti. Inauma, lakini hasira zisipande nasi basi. Timu itacheza tena. La muhimu ni watoto warudi nyumbani wazima, na wenyeji watamani kutuona tena.