Anayejichora Hajisifu

Wapo miongoni mwetu wanaodai kwamba mchoraji anayejichora mwenyewe ni mtu wa majivuno, na kwamba akiisha kuhamia ng'ambo kazi yake haihesabiki tena katika utamaduni wa taifa. Hutukumbusha kuwa mwacha asili ni mtumwa. Sisi tunayapinga madai yote mawili.

Na tumtazame Everlyn Nicodemus. Alizaliwa Kilimanjaro mwaka 1954, akahamia Uswidi mwaka 1973, akasoma anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Stockholm. Huko alikerwa na desturi ya kuwafanya watu kuwa vitu vya kuchunguzwa: mtu mweusi alitazamwa, lakini hakuulizwa. Onyesho lake la kwanza la picha alilifanya katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1980. Je, huyo ndiye aliyeacha asili?

Mwaka 1982, akiwa Åkersberga nchini Uswidi, alijichora. Nyuso kadhaa zimepishana katika turubai moja, kwa kuwa mgeni mweusi, tena mwanamke, haishi kwa sura moja: anayo ile aliyotoka nayo kwao, na ile anayobandikwa na wenyeji. Majivuno yako wapi hapo? Kujichora kwa namna hiyo ni kumnyang'anya mtazamaji haki aliyojitwalia ya kusema sisi ni nani. Wala hakuishia kwenye kioo chake; kati ya 1984 na 1986 alizungumza na wanawake wa Denmark, Tanzania na India, na katika mazungumzo hayo akapata picha nyingine.

Mwaka 2022 picha ile ya 1982 iliingia katika hazina ya National Portrait Gallery, London, jumba lililoanzishwa mwaka 1856. Ilikuwa ya kwanza humo iliyochorwa kwa rangi na mwanamke mweusi aliyejichora mwenyewe. Hatuwahusudu watu wa London. Lakini itakuwa aibu yetu iwapo mwanafunzi wa huko atamjua binti huyu wa Kilimanjaro kabla ya mwanafunzi wa Moshi.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Basi mwalimu na aizungumze kazi hii mbele ya darasa lake, kisha ampe kila mwanafunzi kioo na penseli. Taifa ambalo vijana wake hawakufunzwa kujichora litachorwa na wengine.